Nyimbo Zetu Zimo Wapi?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Kibaigwa)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule, ndugu walimu, ndugu zangu tuliokula ugali katika sinia moja, nanyi vijana mliosimama kule nyuma kwa kuwa viti tumevimaliza sisi wazee,

Kamati imeniagiza nizungumze kwa dakika ishirini juu ya muziki na televisheni ya zamani. Nusu ya kazi hiyo ni nyepesi, naimaliza sasa hivi. Televisheni ya zamani, kwa mtu wa Kibaigwa, haikuwapo. Unguja walianza kuwa nayo mwaka 1973, tena ya rangi, na wanastahili kujivunia. Kenya walikuwa nayo tangu 1962. Huku Bara serikali iliona kuwa ni anasa, fedha ziende kwenye visima na zahanati, nasi tukakaa bila televisheni mpaka mwaka 1994, wakati vituo vya watu binafsi kama ITV vilipoanza. Mimi nilipokwenda Unguja mwaka 1981 nikakiona chombo chenyewe kwa mara ya kwanza, nilikuwa mtu mzima mwenye kazi na mke. Nilikitazama kwa adabu kama mtu anayetazama mgeni.

Wapo wenzetu hapa waliomaliza shule miaka ya 1990 mwishoni ambao wana lao la kukumbuka. Wao watawaambia juu ya mabanda ya video pale stendi, sinema za karate na za Kihindi, na baadaye ule mchezo wa Mambo Hayo wa kikundi cha Kaole uliokuwa ukionyeshwa na ITV. Nawaachia wao. Mwaka kesho kamati imtafute mmoja wao.

Kijana mmoja wa kidato cha tatu aliniuliza asubuhi hii, kwa heshima zote, "Shikamoo babu, sasa mlikuwa mnatazama nini?" Nikamjibu, "Marahaba, mjukuu wangu. Tulikuwa tunatazama redio." Akacheka. Lakini sikumtania. Sisi tulioingia kidato cha kwanza mwaka 1976 tulikuwa na redio moja ya shule, ya aina ya National, iliyokaa katika ofisi ya mwalimu wa zamu. Jumamosi jioni ilitolewa ikawekwa juu ya meza barazani, nasi tukakaa chini kuizunguka, na naapa kuwa macho yote yalikuwa kwenye ile redio. Wakati wa Pwagu na Pwaguzi watu walikuwa wakiinamisha vichwa waone Pwaguzi ametokea upande gani.

Betri zilikuwa taabu. Baada ya vita vya Kagera, vilivyoanza mwaka 1978, vitu viliadimika madukani, nazo betri zikawa kama sukari na sabuni: zikija leo, kesho hazipo. Tukawa tunazianika juani juu ya bati ili zipate nguvu kidogo. Vijana, msicheke. Zilipata. Nyimbo mbili, pengine tatu, halafu sauti inaanza kuzama kama mtu anayeingia kisimani.

Basi nije kwenye muziki, kwa kuwa hapo ndipo nina shauri ninalotaka tuondoke nalo.

Idhaa ilikuwa moja tu ya kutegemewa, Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD, iliyopata jina hilo mwaka 1965. Kwa kuwa ilikuwa moja, mtu wa Bukoba na mtu wa Mtwara na sisi wa hapa barabarani tulisikia wimbo ule ule saa ile ile. Nitakaporudi likizo kijijini, binamu yangu aliyesoma Tabora alikuwa tayari anaujua. Na kila bendi ilikuwa na mtindo wake wenye jina, nasi tulibishana juu ya mitindo kama mnavyobishana ninyi juu ya Simba na Yanga. NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, walikuwa na Msondo. Western Jazz walikuwa na Saboso. Tabora Jazz walikuja na Segere Matata. Dar International ya Marijani Rajab walikuwa na Super Bomboka. Orchestra Maquis, ndugu zetu waliotoka Kongo, walikuwa na Kamanyola bila jasho, na mimi mpaka leo sijapata kumwona mtu aliyeicheza Kamanyola asitoke jasho. Vijana Jazz, Pambamoto. Kisha mwaka 1978 ikazaliwa Mlimani Park, ikachukua waimbaji wakubwa akina Muhidin Gurumo na Hassani Bichuka kutoka JUWATA, jina jipya la ile NUTA, nayo ikaja na Sikinde. Bweni letu likagawanyika: huku Msondo, kule Sikinde, na mtu ukiwa wa upande mmoja hukopeshwi kalamu na wa upande mwingine.

Naomba mtambue jambo moja juu ya bendi hizo, maana vijana wanadhani mwanamuziki wakati wote alikuwa mtu wa kujitafutia. Nyingi zilikuwa mali ya mashirika. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na Urafiki Jazz. Shirika la Bima lilikuwa na Bima Lee. Jeshi, Polisi, Magereza na JKT walikuwa na zao. Mlimani Park ilianza chini ya shirika la usafirishaji, na mwaka 1983 ikachukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la jiji la Dar es Salaam. Gita lilikuwa la shirika, tarumbeta la shirika, mpiga besi alilipwa mshahara kama karani. Lilikuwa na faida: mtu alikuwa na uhakika wa chakula, na bendi ilikuwa na watu kumi na tano jukwaani bila kuhesabu gharama. Lilikuwa na hasara pia. Mpiga solo akigombana na wakubwa wake, anaondoka mikono mitupu, hata waya wa gita si wake.

Nasikia watu wa rika langu wakisema kuwa nyimbo za siku hizi ni matusi matupu na zile zetu zilikuwa mafundisho. Ndugu zangu, tusijidanganye. Mwaka 1969 wazee wetu walisema maneno hayo hayo juu yetu. Operesheni Vijana ilikuwa ikikataza sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, na mwaka huo huo muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam. Nyimbo za bendi zilikaguliwa maneno yake kabla ya kurekodiwa, na bado watunzi walijua kupitisha mambo kwa mafumbo. Nani hapa hakujua maana yake? Na katika hayo mafundisho tunayoyasifu, hesabuni ni mara ngapi mkosaji alikuwa mwanamke: mke mtoro, msichana mpenda fedha, mama mkwe mgomvi. Binti zetu waliosimama pale wangekuwa na haki ya kuuliza mbona waume walikuwa malaika.

Mimi nazipenda kwa sababu nyingine. Nazipenda kwa kuwa hazikuwa na haraka. Wimbo ulianza polepole, mwimbaji anakueleza habari yake tangu alipotoka nyumbani, wenzake wanamwitikia, gita la solo linajibizana na la rizimu, halafu katikati tarumbeta na saksafoni zinaingia, mambo yanachemka, na hapo ndipo watu walipoinuka kwenye viti. Ilichukua dakika saba, nane. Kwenye santuri ilibidi wimbo ukatwe vipande viwili, huku na huku, ukageuze sahani katikati ya utamu.

Na hapo kwenye santuri ndipo penye shauri langu.

Tanzania ilikuwa na wanamuziki hao wote, lakini haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri kilichofanya kazi. Santuri za bendi zetu zilitengenezwa Nairobi. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz, yule aliyekwenda na bendi yake mpaka Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo mwaka 1970, na baadaye akaanzisha Super Volcano, alirekodi huko Nairobi. Alifia huko huko Kenya, katika ajali ya gari karibu na Mombasa, Januari 1979, akiwa na miaka 34. Tuliisikia habari hiyo kwa redio, bweni zima likawa kimya. Lakini nyimbo zake zilikuwa zimekwisha kuingia kwenye santuri, santuri zikasambaa, na ndiyo sababu hata leo ukimtaja Mbaraka mtu wa Kisumu anakujua na wa Lubumbashi anakujua.

Sasa tazameni tarehe. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa tangu Februari mwaka huo mpaka Novemba 1983. Miaka sita na zaidi. Ni miaka hiyo hiyo Dar International ilipokuwa juu, JUWATA ilipokuwa juu, Mlimani Park ilipozaliwa na kukua. Njia ya kwenda kiwandani ilikuwa imefungwa. Kazi ya watu wale, katika miaka yao bora kabisa, ilibaki mahali pamoja: kwenye mikanda ya RTD, Barabara ya Pugu, bendi ilipoingia studio asubuhi na kutoka jioni na nyimbo kadhaa. Idhaa ndiyo iliyorekodi, idhaa ndiyo iliyopiga, idhaa ndiyo iliyotunza. Malipo yalikuwa kidogo, ya mara moja, basi. Baadhi ya mikanda ilipata njia ya kuvuka, nyimbo zikatokea kwenye santuri Nairobi na wenyewe hawakupata kitu cha maana. Sheria ya hakimiliki iliyoweka chombo cha kuwatetea, COSOTA, ni ya mwaka 1999, na Marijani Rajab alikuwa amefariki tangu Machi 1995. Mtu aliyeimbwa na nchi nzima, siku za mwisho alikuwa akiuza kanda za kaseti pale Kariakoo.

Kanda hizo ndizo zilizotufikia sisi huku. Hatukuwa na santuri. Aliyekuwa na redio kaseti alirekodi kutoka idhaani: unaketi, kidole juu ya kitufe, unamwomba mtangazaji anyamaze mapema. Kwenye kanda zangu zipo sauti za watangazaji, zipo salamu za wagonjwa za Ugua Pole, ipo mvua juu ya bati, na kwenye moja yupo marehemu mama yangu akiuliza nani ameacha jogoo aingie ndani.

Ipo nyingine ambayo haina dansi hata kidogo. Wengi wenu mnaikumbuka tarehe 12 Aprili 1984. Waziri Mkuu, ndugu Edward Sokoine, alitoka Dodoma kwenye kikao cha Bunge akienda Dar es Salaam kwa gari. Msafara wake ulipita barabara hii, hapa hapa mbele ya maduka, na hakuna aliyejua kuwa anamwona kwa mara ya mwisho. Ajali ilikuwa Dakawa, kabla ya kufika Morogoro. Usiku Mwalimu Nyerere mwenyewe akalitangazia taifa kwa redio. Siku zilizofuata idhaa iliacha dansi, ikawa ni kwaya na maombolezo, na baadaye bendi zikaanza kuleta nyimbo za kumlilia. Nilirekodi siku mbili zile. Sikujua kwa nini. Nilihisi tu kuwa isipite.

Na muziki wa hapa kwetu Ugogoni nao usisahauliwe kwa kuwa hauna saksafoni. Dkt. Hukwe Zawose alikuwa mtu wa Doduma, hapa hapa mkoani. Alizipeleka zeze na ilimba Bagamoyo, na kutoka Bagamoyo Ulaya na kwingineko, akarekodi na kampuni ya Real World ya Peter Gabriel huko Uingereza, hadi alipofariki Desemba 2003. Mgeni akitaka kumsikia leo anampata kwa urahisi. Bibi zetu waliokuwa wakipiga muheme vijijini, katikati ya magoti ngoma, sauti zinapishana, hatuna hata dakika moja yao. Mimi ninayo moja, dakika kumi na moja hivi, iliyorekodiwa kwenye harusi mwaka 1986, na nusu yake watu wanagombania pombe.

Sasa nieleze lililonifanya nikubali mwaliko huu, maana mimi si msemaji.

Mwenzetu mmoja, tuliyelala naye bweni moja, alikuwa na kanda zaidi ya mia mbili. Sitamtaja jina, familia yake ipo na ni watu wema. Alikuwa Sikinde damu. Aliziandika zote kwa mkono wake mzuri: tarehe, bendi, mtunzi, nani kapiga solo, nani kapuliza. Kila kanda ina karatasi yake. Alifariki, tukamzika kwa heshima. Mwaka uliofuata nilipita shambani kwao wakati uwele umeanza kutoa masuke, na kwelea kwelea, mnawajua, walikuwa wamekwisha kuja. Nikaona shamba zima limezungushiwa nyuzi nyeusi zinazong'aa, zimefungwa mti kwa mti, upepo ukipita zinalia vuuu. Nikasogea. Ilikuwa mikanda ya kaseti. Wanawe walikuwa wameifungua yote.

Siwalaumu. Redio kaseti ya baba yao ilikuwa imekufa siku nyingi, kanda hazikuwa na pa kuchezea, na ndege walikuwa wanamaliza chakula cha watoto. Mkanda ule unafukuza ndege kweli kweli, nami nimewahi kuutumia, wa kanda za mahubiri zilizokwisha kunata. Lakini nilisimama pale nikawa nawaza: kwenye uzi huu pengine ni Marijani, kwenye ule Gurumo, pale kwenye mbuyu labda ni onyesho la Sikinde alilolirekodi mwenyewe ukumbini Dar es Salaam, ambalo halipo RTD wala mahali popote duniani.

Mtaniambia kuwa mikanda ya RTD ipo, TBC ndiyo mrithi wake na imeitunza, na siku hizi nyimbo nyingi za zamani zinapatikana mtandaoni. Ni kweli, na nawashukuru wanaofanya kazi hiyo. Mjukuu wangu ananitafutia wimbo kwenye simu kabla sijamaliza kuutaja. Lakini mara ngapi tumeupata wimbo umeandikwa jina la bendi isiyokuwa yake, mwimbaji hatajwi, mwaka hakuna? Aliyepakia hakuwa na mtu wa kumwuliza. Na kanda za nyumbani, zile za kumbini, za harusini, za kwaya ya shule hii, hizo TBC haina na haikupata kuwa nazo. Zipo chini ya vitanda vyenu, kwenye mabati haya ya Kibaigwa, na joto la Oktoba linazipika kila mwaka. Kanda ya kaseti ya mwaka 1980 haikutengenezwa idumu hivyo. Nyingine zimekwisha kuanza kunata.

Kwa hiyo nimezungumza na Ndugu Mkuu wa Shule, naye ametupa kile chumba kidogo karibu na stoo ya vitabu. Mashine ya kuchezea kanda ipo, nimeinunua mwenyewe ya mtumba na inafanya kazi, na mwalimu wa kompyuta amekubali kuiunganisha ili sauti iingie kwenye kompyuta. Ninachoomba kwa wenzangu ni kanda, pamoja na nafsi zenu kwa Jumamosi moja. Msizitume peke yake kwenye basi. Njoni mkae na hawa vijana, kanda ikipigwa mseme: huyu ni nani, hii ilikuwa wapi, gita hili la nani. Wao wataandika. Kwa vijana naomba uvumilivu, maana wazee wenu watabishana. Wa Msondo watasema hivi na wa Sikinde vile, nanyi andikeni yote mawili.

Mkiona baba au babu ana boksi la kanda na anazungumza habari ya kulitupa, au mama anatafuta kitu cha kufukuzia ndege, leteni habari shuleni. Nyuzi za kufungia magunia zipo tele pale soko la mahindi, tutawapa.

Zangu nimekuja nazo, kumi na mbili za kwanza, zimo kwenye bati la biskuti pale mlangoni. Ya sita ndiyo ile yenye muheme. Mkanda wake umetoka kwenye gurudumu, na vile vijiskrubu ni vidogo mno kwa macho yangu. Mwenye bisibisi ndogo na mkono usiotetemeka aanze na hiyo.